Kura ya 218: Marjorie Margolies-Mezvinsky na bajeti ya Clinton ya mwaka 1993

Bill Clinton aliapishwa Januari 1993 akiwa amechaguliwa na asilimia 43 tu ya wapiga kura, na hazina aliyoikuta ilikuwa na nakisi ya dola bilioni 290 kwa mwaka uliotangulia. Wakati wa kampeni aliwaahidi watu wa kipato cha kati kwamba angewapunguzia kodi. Alipoona hali halisi ya hazina aliiacha ahadi hiyo, akaleta mpango wa kupunguza nakisi kwa karibu dola bilioni 500 katika miaka mitano, nusu kwa kupandisha kodi na nusu kwa kubana matumizi. Mpango huo ulipita katika Baraza la Wawakilishi usiku wa tarehe 5 Agosti 1993 kwa kura 218 dhidi ya 216.

Kati ya hao 218, anayekumbukwa hasa ni mmoja: Marjorie Margolies-Mezvinsky, mbunge wa muhula wa kwanza kutoka vitongoji vya Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Wademokrat hukisimulia kisa chake kama ushujaa wa mtu aliyekitoa kafara kiti chake kwa ajili ya nchi. Warepublikan wa wakati ule walikisimulia kama usaliti wa mtu aliyewageuka wapiga kura wake kati ya mchana na usiku. Mimi naona hadithi zote mbili zinatazama mahali pasipo penyewe. Hiki ni kisa cha uongozi wa chama, na cha jinsi mzigo wa wabunge 258 wa Democratic ulivyoishia kwenye mabega ya mtu aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko karibu wote wa kuubeba.

Mwandishi wa habari katika ngome ya Republican

Kabla ya siasa alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni, na alikuwa ameshinda tuzo za Emmy. Jina lake lilijulikana pia kwa jambo lingine: mwaka 1970, akiwa hajaolewa, alimlea kisheria mtoto kutoka Korea, jambo ambalo wakati ule mwanamke asiye na mume alikuwa haruhusiwi kirahisi. Baadaye aliolewa na Edward Mezvinsky, aliyewahi kuwa mbunge wa Iowa.

Mwaka 1992 wanawake wapya 24 waliingia katika Baraza la Wawakilishi, idadi ambayo Marekani ilikuwa haijawahi kuiona, na yeye akiwa mmojawapo. Lakini mahali alipogombea ndipo penye uzito wa kisa hiki. Kaunti ya Montgomery, ilipo sehemu kubwa ya vitongoji hivyo, ni eneo la watu wenye uwezo: nyumba kubwa, shule nzuri, mawakili, madaktari, wazee waliostaafu na akiba zao. Hakuna Mdemokrat aliyekuwa ameshinda kiti hicho tangu 1916. Alimshinda Jon Fox wa Republican kwa kura 1,373. Kwa eneo lenye wapiga kura zaidi ya laki mbili, huo ni ushindi wa kuponea tundu la sindano.

Na alishinda akisema hataki kodi zipande kwa watu wa kipato cha kati. Hiyo haikuwa ahadi ya pembeni, kwani katika eneo lile bila ahadi hiyo asingefika popote. Ndiyo maana bajeti ya Clinton ilipofika kwenye Baraza kwa mara ya kwanza, tarehe 27 Mei 1993, alipiga kura ya hapana. Ilipita bila yeye, 219 kwa 213, na hapakuwa na kelele yoyote.

Kilichokuwamo ndani ya muswada

Kodi ya mapato kwa wenye kipato cha juu ilikuwa asilimia 31. Muswada uliongeza ngazi mbili mpya, asilimia 36 na asilimia 39.6. Kodi ya makampuni ilitoka asilimia 34 kwenda 35. Wastaafu wenye kipato kizuri walitakiwa kulipia kodi hadi asilimia 85 ya malipo yao ya Social Security, ile pensheni ya taifa. Wenye magari waliongezewa senti 4.3 kwa kila galoni ya petroli. Baya zaidi kisiasa, viwango vipya vya kodi ya mapato vilirudishwa nyuma hadi tarehe 1 Januari 1993, yaani mtu alitozwa kwa fedha alizokwisha kuzipata na pengine kuzitumia.

Upande wa pili kulikuwa na nafuu kubwa kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, hasa wenye watoto: mtu aliyefanya kazi lakini akabaki maskini alirudishiwa fedha na serikali hata kama hakuwa anadaiwa kodi. Mamilioni ya familia zilifaidika na kifungu hicho, na hazikuelewa vizuri zinamshukuru nani. Waliopandishiwa kodi ya mapato walikuwa sehemu ndogo tu ya kaya zote, kama moja kati ya mia. Balaa ni kwamba wengi wao walikuwa wanaishi Montgomery na sehemu zinazofanana nayo.

Mwanzoni muswada ulikuwa na kitu kingine, kodi pana ya nishati iliyokokotolewa kwa kiasi cha joto linalotolewa na kila aina ya mafuta. Wabunge wengi wa Democratic walijikaza wakaipitisha mwezi Mei, wakijua itawagharimu nyumbani. Kisha Seneti ikaitupa, kwa shinikizo la maseneta wa majimbo yenye mafuta kama David Boren wa Oklahoma, ikaweka badala yake hizo senti 4.3. Wabunge walijiona wametoswa. Walikuwa wamepigia kura kodi inayochukiwa, na sasa hata sheria yenyewe haikuwa nayo. Muswada uliporudi kwao mwezi Agosti kwa kura ya mwisho, kila mmoja alikuwa anafikiria ngozi yake kwanza.

Msomaji wa Tanzania anaweza kushangaa kwa nini chama chenye wabunge 258 kati ya 435 kilihangaika kupata kura 218. Tanzania mbunge akivuliwa uanachama na chama chake hupoteza kiti, kwa hiyo chama kina rungu. Marekani hakuna rungu la namna hiyo. Mgombea hateuliwi na makao makuu. Anachaguliwa na wapiga kura wenyewe katika kura za mchujo. Anatafuta fedha zake mwenyewe, na chama kikimkasirikia, anaendelea kukaa kitini hadi uchaguzi ujao. Spika na wanadhimu wa chama wanabaki na maneno ya kubembeleza, nafasi za kamati, na simu kutoka kwa Rais.

Siku yenyewe

Mchana wa tarehe 5 Agosti aliwaambia waandishi wa habari wa nyumbani kwao kwamba atapiga kura ya hapana. Hakuwa anadanganya, huo ndio uliokuwa mpango wake.

Jioni Clinton alimpigia simu. Hesabu za wanadhimu zilikuwa zimekwama, na watu waliotegemewa walikuwa wanachomoka. Ray Thornton, mbunge wa Arkansas, jimbo la Clinton mwenyewe, hakuwa tayari. Rais alimuuliza Margolies-Mezvinsky ingechukua nini kumpata. Jibu lake naliona ni sehemu ya kisa hiki inayostahili kutazamwa kwa makini kuliko zote. Hakuomba daraja, wala kituo cha jeshi, wala mkandarasi wa eneo lake apewe tenda. Aliomba Rais aje Pennsylvania kwenye mkutano wa wazi wa kujadili gharama za Social Security, Medicare (bima ya afya ya wazee) na mipango mingine ya aina hiyo, kwa sababu aliamini nakisi haitakwisha bila kuzungumzia matumizi hayo. Akaweka na sharti: atapiga ndiyo ikiwa tu kura yake ndiyo itakayoamua.

Katika lugha ya wanaohesabu kura bungeni, hiyo ni kura ya mfukoni. Kiongozi anakusanya ahadi kadhaa za namna hiyo, anaziweka akiba, na anatumaini hatazihitaji. Anayeahidi naye anatumaini hivyo hivyo.

Upigaji kura katika Baraza la Wawakilishi ni wa kielektroniki. Mbunge anachomeka kadi kwenye kifaa, na jina lake linawaka taa ya kijani au nyekundu kwenye ubao mkubwa ukutani. Muda wa kawaida ukiisha, anayetaka kupiga au kubadili kura anakwenda mbele ya meza ya Spika, anachukua kakadi kadogo ka karatasi, kijani kwa ndiyo au nyekundu kwa hapana, anatia saini na kumkabidhi karani. Ndiko alikoishia. Ubao ulisimama 216 kwa 216. Sare ingeuangusha muswada, kwa sababu Makamu wa Rais ana kura ya kuvunja sare katika Seneti tu. Wenzake wa Democratic walimzunguka. Yeye na Pat Williams wa Montana wakaenda mbele, na akachukua kadi ya kijani.

Upande wa Republican waliimba kumuaga, kwaheri Marjorie, huku Robert Walker, mbunge wa Pennsylvania vilevile, akirukaruka kwa furaha. Walijua wanachokiona. Kesho yake Seneti ilipitisha muswada kwa 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais Al Gore akivunja sare baada ya seneta Bob Kerrey wa Nebraska kukubali dakika za mwisho, na Clinton akatia saini tarehe 10 Agosti. Hakuna Mrepublikan hata mmoja, katika mabaraza yote mawili, aliyeunga mkono.

Nani alikwepa

Wademokrat 41 walipiga kura ya hapana usiku ule. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kama jaribio la dhamira ya mwanamke mmoja. Kati ya hao 41 walikuwamo watu waliokuwa katika hatari ya kweli, na kiongozi mwenye busara huwaruhusu hao wakimbie ikiwa hesabu inatosha. Lakini walikuwamo pia waliokaa kwenye viti visivyotikisika, Thornton akiwa mfano, ambao wangeweza kupiga ndiyo na kurudi nyumbani kwa usalama. Walipiga hapana yao na hawakugeuka. Aliyebaki ni yule aliyesema ukweli kwamba hatakubali muswada uanguke kwa sababu yake. Uungwana wake ndio uliomfanya apatikane.

Wala kura yake haikuwa nzito kuliko nyingine yoyote. Kura 218 zilikuwa sawa. Bernie Sanders, mbunge huru wa Vermont, alikuwa mmojawapo, na kama angepiga hapana muswada ungeanguka vilevile. Lakini lawama haigawanywi kama hesabu. Inamfuata wa mwisho kuonekana, na uongozi wa Spika Tom Foley ulikuwa unalijua hilo. Kazi ya mnadhimu ni kupanga nani anapiga lini, ili wa mwisho awe mtu mwenye ngozi ngumu. Foley na wenzake walikuwa na wenyeviti wa kamati waliokaa bungeni miaka ishirini, na wangeweza kuwabana wawili kati ya waliokwepa. Badala yake walimwendea mgeni wa miezi saba.

Kuna upande wa pili ambao haki inanitaka niuseme. Sharti lake la kupiga ndiyo ikihitajika tu lilimdhuru yeye mwenyewe. Mbunge anayesema kuanzia mwanzo kwamba muswada ni mzuri na atautetea, anapata miezi kadhaa ya kuwaeleza watu wake kwa nini. Anayesema hapana mchana na ndiyo usiku hana maelezo yatakayosikilizwa. Kwa wapiga kura wa Montgomery ilionekana kama bei ilitajwa na ikalipwa, na bei yenyewe ilikuwa mkutano. Fikiria mtu aliyestaafu, ameongezewa kodi kwenye pensheni yake, halafu anaambiwa kwamba zawadi aliyoletewa na mbunge wake ni kongamano la kujadili namna ya kupunguza gharama za pensheni hiyo hiyo. Kongamano lilifanyika Desemba 1993 huko Bryn Mawr, Clinton akahudhuria kama alivyoahidi. Ninaliheshimu ombi hilo kuliko madaraja yote ambayo wabunge wamewahi kuyadai, lakini kisiasa alikuwa amejiongezea deni.

Gharama na matunda

Novemba 1994 Jon Fox aligombea tena dhidi yake. Safari hii alimshinda kwa kura kama elfu nane. Chama cha Democratic kilipoteza viti 54 na kupoteza Baraza la Wawakilishi baada ya miaka 40 mfululizo ya kulitawala.

Je, hapana ingemwokoa? Sidhani. Mtu aliyeshinda kwa kura 1,373 katika ngome ya wapinzani, akigombea mwaka ambao wabunge 34 wa chama chake waliokuwa madarakani waliangushwa na hakuna hata mmoja wa Republican aliyeangushwa, alikuwa anapigana na mkondo wa bahari. Kura ile ilimfanya awe ishara, ikawapa wapinzani tangazo lililo tayari, lakini kiti kilikuwa kimelegea kabla ya Agosti. Kama ni hivyo, basi alibadilisha kiti ambacho huenda asingekibakiza kwa sheria ambayo bila yeye isingekuwapo. Ukilitazama hivyo, uamuzi wake ulikuwa sahihi hata kwa hesabu baridi.

Na sheria yenyewe ilifanya kazi? Warepublikan, mnadhimu wao katika Baraza la Wawakilishi Newt Gingrich akiwa mbele, walitabiri kwamba kodi hizo zitaua ajira na kuutumbukiza uchumi kwenye mdororo. Haikutokea. Nakisi ilikuwa dola bilioni 255 mwaka 1993. Ikashuka hadi 203, kisha 164, kisha 107, kisha 22 mwaka 1997. Mwaka 1998 serikali ilipata ziada ya dola bilioni 69, na mwaka 2000 ziada ilifika bilioni 236. Ukosefu wa ajira ulishuka kutoka karibu asilimia 7 hadi 4.

Ni rahisi kuipa kadi ile ya kijani sifa zote hizo, na baadhi ya Wademokrat hufanya hivyo. Si kweli. Makubaliano ya bajeti ya mwaka 1990, ambayo George H. W. Bush aliyalipia kwa urais wake, yalikuwa yameweka ukomo wa matumizi. Vita Baridi vilikwisha na bajeti ya jeshi ikapungua. Kompyuta na soko la hisa vilileta utajiri ambao hakuna aliyeutarajia, na Bunge la Republican lilikubaliana na Clinton juu ya bajeti nyingine mwaka 1997. Lakini viwango vya asilimia 36 na 39.6 vilikuwapo tayari utajiri huo ulipofika, na vilichota sehemu yake. Bila sheria ya 1993 mavuno ya hazina yangekuwa madogo sana. Hata zile senti 4.3 zilizowatisha watu zimebaki: kodi ya serikali kuu kwenye petroli ilifika senti 18.4 kwa galoni mwaka ule, na haijapandishwa tena hadi leo.

Baada ya kiti

Mwaka 1995 alikuwa miongoni mwa viongozi wa ujumbe wa Marekani kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mjini Beijing. Baadaye alianzisha Women's Campaign International, shirika linalowafunza wanawake wa nchi mbalimbali kugombea na kutawala. Mwaka 1998 aligombea unaibu gavana wa Pennsylvania, akashindwa. Mwaka 2010 mwanawe alimwoa Chelsea Clinton, na tangu hapo watu wengi humjua kwa undugu huo kuliko kwa kazi yake, jambo linalonisikitisha. Mwaka 2014 alijaribu kurudi bungeni. Mipaka ya eneo ilikuwa imebadilishwa na kuingia Philadelphia yenyewe, na Brendan Boyle, kijana wa upande huo wa jiji, akamshinda kwenye kura ya mchujo.

Fox naye hakukaa. Mwaka 1996 alinusurika kwa kura 84, na mwaka 1998 akaondolewa na Joe Hoeffel wa Democratic. Spika Foley aliangushwa na wapiga kura wake wa jimbo la Washington siku ileile ya Novemba 1994, Spika wa kwanza aliye madarakani kupoteza kiti chake tangu 1862.

Machi 2010, Wademokrat walipokuwa wanasuasua juu ya sheria ya bima ya afya ya Obama, Margolies aliandika katika Washington Post akiwashauri wabunge walio kwenye maeneo magumu wasikimbie, kwa kuwa kura ya hapana haitawaficha na kura ya ndiyo wataweza kuitetea wakiwa wazee. Sheria ilipita tarehe 21 Machi kwa 219 dhidi ya 212. Wademokrat 34 walipiga hapana, na Novemba chama chao kikapoteza viti 63.